Mayai ya Kitwitwi

Kila asubuhi Ghizlane alimwandalia baba yake chai ya mnanaa, akamsuka mdogo wake nywele, kisha akaenda shule. Tangu mama yao azikwe, miezi minne iliyopita, hakuwahi kulia. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hausikii kitu.

Siku darasa lao lilipotembelea hifadhi ya Merja Zerga, penye maji ya chumvi kando ya bahari, wenzake walipiga kelele walipowaona heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi. Ghizlane aliwatazama tu. Akajitenga, akatembea mchangani, mpaka kitu kikapasuka chini ya kiatu chake. Yalikuwa mayai mawili yenye rangi ya mchanga wenyewe. La tatu lilikuwa zima. Kitwitwi, ndege mdogo mwenye kiota hicho, alimzunguka akilia. Ghizlane akarudi kwa wenzake, kimya.

Punde mlinzi wa hifadhi, Ami Larbi, akaja amekunja uso. "Nani amevuka kamba inayolinda viota akakanyaga mayai?"

"Nani tena kama si Ayoub!" wasichana wakacheka. "Huyo hata darasani huingilia dirishani!"

"Wallahi si mimi!" Ayoub akalalamika. "Mbona kila kitu mimi?"

"Nenda ukakae kwenye basi," akasema mwalimu Zhor. "Na ziara ijayo huendi."

Ayoub akaondoka akijifuta macho kwa mkono wa shati. Ghizlane alimtazama. Hakusikia woga wala huruma. Alijua tu kwamba jambo lile si haki.

"Ni mimi, mwalimu. Kamba sikuiona. Lakini mayai niliyaona, nikanyamaza."

Ami Larbi hakumfokea. "Haya, nionyeshe ulipopita."

Walikuta kamba imelegea, imefukiwa na mchanga. Wakaikaza pamoja, wakarudi nyuma mbali, wakangoja. Hatimaye kitwitwi akaja mbio mbio, akaatamia yai lililobaki. Hapo ndipo Ghizlane alipohisi viganja vikimuuma kwa kuvuta kamba.

Mwalimu Zhor alimwita Ayoub. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuhukumu bila kuuliza."

"Na mimi nisamehe," akasema Ghizlane.

"Basi tukirudi, kiti cha dirishani nakaa mimi," akajibu Ayoub.

Ami Larbi akamgeukia Ghizlane. "Mayai mawili hayarudi, binti yangu, sikufichi. Lakini ungenyamaza, kamba ingebaki chini, na kesho wangepita wengine. Ukikosea, sema mapema, ili kilichobaki kiokolewe."