NILIKUWA CHINI YA GARI WAKINICHEKA

Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la Ghanim, spana mkononi, niliposikia sauti ya mchumba wangu ikisema...

"Mimi yule fundi simtaki, wallahi! Namzungusha tu mpaka wewe ulete posa."

Jamani!

Hafswa huyo. Hafswa wangu mimi Stambuli, posa imeshakubaliwa, harusi mfungo mosi, Ramadhani ikiisha tu!

Hakujua kama nipo. Alimwona Ghanim peke yake kwenye usukani, akaja kuegemea dirishani.

Sasa ngojeni niwaeleze. Mwaka 1994, huku kwetu Timbwani, Likoni, hatukuwa na mashine ya kunyoosha magurudumu. Tulitumia uzi. Unauvuta kando ya gari toka mbele hadi nyuma, halafu unapima kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na kila tairi. Na dereva lazima akae kitini, kwa sababu uzito wake huliinamisha gari. Uzi ukishavutwa, hapandi mtu wala hashuki mtu mpaka nati zikazwe.

Gari lenyewe lilikuwa Celica nyekundu, kuukuu kidogo lakini kali, tairi zote nne zinavuta. Ghanim alikuwa akilitayarisha kwa mashindano ya Jumapili kwenye kona za Kwale. Nyuma lilikuwa linateleza, ndiyo akaniletea nimnyooshee.

Kwa hiyo yeye alijua niko chini. Alijua vizuri sana! Na badala ya kumnyamazisha yule msichana, akazidi kumchokoa.

"Kwani fundi ana kasoro gani?"

"Hata akioga yuanuka grisi!"

"Lakini akupenda."

"Na kupendwa na yeye kwanifaa nini mimi?"

Ghanim akacheka. Akapiga kisigino sakafuni mwa gari mara mbili, sawasawa na juu ya kifua changu, kuhakikisha nimesikia.

Hafswa akaenda zake. Mimi machozi yakaniingia masikioni. Ukilia chali, ndiko yanakokwenda.

Na spana iko kwenye nati ya tairi lake la nyuma...

Wenzangu, sitawadanganya. Shetani alikuja. Robo mzunguko tu ingetosha!

Lakini mkono ulikataa. Nilipima mara tatu, nikakaza, nikatoka.

"Liko sawa," nikamwambia.

Akanitazama usoni. Kile kicheko kikamwisha.

"Sawa kweli, Stambuli?"

"Sawa."

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yeye alishatukana, tena mkunga akiwa na spana mkononi! Hofu ikamwingia. Akawasha gari, akavuka barabara, akaingia gereji ya Boga likapimwe upya.

Boga! Hodari wa kuziba pancha na kupiga domo, basi.

Gari lile nyuma ni jembamba kuliko mbele, kama upana wa kidole kila upande. Asiyejua huuvuta uzi ukagusa tairi la mbele na la nyuma, kisha hulilazimisha la nyuma lifuate uzi. Hapo tairi za nyuma zinatazama nje, na kwenye kona ya kasi mkia wa gari unakukimbia.

Nikakaa kwenye benchi langu na kikombe cha kahawa. Nikamwona Boga akivuta uzi. Ukagusa la mbele. Ukagusa la nyuma.

Kutoka kwangu hadi kwake ni hatua kumi na tano. Ningepaza sauti tu: "Boga, si hivyo!"

Nikanywa kahawa. Tena siku ile ilikuwa tamu!

Gari likatoka. Halijafika mbali, likasimama kwenye duka la jirani. Hafswa akaja mbio, akakusanya buibui lake, akapanda. Walikuwa wanakwenda kulijaribu njia ya Kwale.

Nikasimama. Wallahi nilisimama! Mdomo nikaufungua...

Nikakumbuka alivyosema nanuka. Nikakaa.

Kabla ya adhuhuri habari zikafika. Kona ya tatu ukishapita Kombani, gari liligeuka lenyewe, likaupiga mkorosho. Ghanim alikufa palepale. Hafswa alikatwa mguu wa kulia, juu ya goti.

Askari walikuja kwangu. Mtaa mzima ukashuhudia kuwa gari lilitoka mikononi mwa Boga, na Boga mwenyewe keshatoroka. Watu wakanisifu. "Stambuli kazi yake safi!"

Siku ya tisa nikaenda hospitali. Niliwaambia watu naenda kumjulia hali. Uongo! Nilikwenda kumtazama alivyokuwa, roho yangu ifurahi.

Aliponiona akaanza kulia.

"Stambuli, niwie radhi. Njiani Ghanim aliniambia ulikuwa chini ya gari. Kwamba ulisikia yote."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Nikaogopa, nikataka kushuka. Nikamuuliza, gari hili limetengenezwa na nani? Akanambia, Stambuli."

"Kwa nini hukushuka?"

"Moyo ulitulia. Nikasema, Stambuli hata umtende nini, hawezi kumwacha mtu akafa."

...

Ghanim alimficha habari za Boga. Yule binti alibaki ndani ya gari kwa kuniamini mimi!

Pale ndipo ningesema. Badala yake nikavaa uso wa ucha Mungu.

"Nimekusamehe, Hafswa."

Akanibusu mkono. Nami nikamwachia aubusu.

Imepita miaka thelathini. Hafswa anaishi Bofu, anatembea kwa magongo, anauza mahamri, na kila Idi hunitumia sahani na salamu. Mtaani naitwa fundi mwaminifu. Na nyinyi mtataka kuniita hivyo kwenye komenti. Msiniite!

Mkono wangu haukulegeza nati hata moja. Lakini nilikuwa na neno moja la kuokoa watu wawili, nikalimeza kwa kahawa. Ukimwona adui yako anakwenda shimoni, mwambie. Chuki yako haitaoza, utaikuta baadaye.

Naandika hapa makusudi. Hafswa macho hayaoni vizuri siku hizi, lakini bintiye humsomea ukurasa huu kila siku baada ya laasiri.

Mwanangu, usiruke hapa. Msomee mama yako.

Hafswa, nilikuona ukipanda.