Maoni ya Fundi

Umeme ulikatika filamu ikikaribia kuisha. Watu wakamiminika nje ya ukumbi wakilalamika, kila mmoja akitabiri mwisho wake.

"Yule dada anamwacha, hakuna mjadala," alisema mwanamume mrefu aliyevaa shati la samawati lililopigwa pasi.

"Anamwacha vipi na ameshafunga mabegi ya wote wawili?" akadakia mwanamke aliyesimama nyuma yake. Gauni lake la kijani lilimkaa vizuri, na bado alikuwa akitafuna bisi. "Au mwenzetu ulisinzia?"

Watu wakaangua kicheko. Mwanamume akageuka amjibu. Alipomwona, akajikuta anacheka pamoja nao.

Mwanamume alikuwa fundi wa lifti. Mwanamke alikuwa mfamasia mwenye duka lake la dawa. Kabla watu hawajatawanyika, mmoja wao alifungua kundi la simu la kupeana maoni ya filamu, nao wakaingia. Haikuchukua muda wakawa wanaongea wenyewe, pembeni. Mwanamume akamwita mwenzake Daktari, naye mwanamke akamwita Fundi. Kila Jumamosi mchana walikuwa sinema, jioni walikuwa kwenye simu.

"Leo ulilia, Fundi. Nilikuona."

"Kiyoyozi kile, mpenzi. Kilikuwa kinanipuliza machoni."

"Haya, pole na kiyoyozi chako."

Jambo moja Daktari hakulisema. Alikuwa na binti wa miaka sita, na baba yake aliondoka kabla mtoto hajaanza kutambaa. Kila mara alijiapiza kwamba leo atamwambia Fundi, na kila mara ulimi ulikuwa mzito. Aliwahi kumwambia mwanamume mwingine. Hakumwona tena.

Jumamosi moja mtoto alishikwa na homa. Daktari akasingizia kazi, Fundi akaenda sinema peke yake. Filamu ilimhusu kijana anayeoa mwanamke mwenye mtoto. Alipotoka alituma sauti kwenye kundi:

"Jamani, filamu nzuri, lakini yule jamaa bwege! Wanawake wote hawa mjini, wewe unaenda kubeba mzigo wa mwenzako? Mtoto si wako, na shukrani hupati!"

Wanaume wenzake wakamjibu kwa vicheko.

Daktari aliisikiliza sauti ile akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kichwa cha mtoto kikimuunguza mapajani. Akairudia. Kisha akazima simu.

Fundi alipiga, hakupatikana. Akapiga tena na tena, siku zikapita. Mwishowe akaenda dukani. Nyuma ya kaunta aliketi mtoto wa kike mwenye sare ya shule, akipaka rangi maboksi matupu ya dawa.

"Mama, kuna mteja!"

Daktari akatokea, koti jeupe limefungwa vifungo vyote. Alipomwona, alimsogeza mtoto karibu yake.

"Nenda ndani, mwanangu."

Fundi alisubiri pazia litulie. "Ni wako?"

"Ndiyo. Ndiye mzigo wenyewe."

Hapo akaelewa. "Daktari, mimi sikujua..."

"Ndiyo maana niliyaamini maneno yako. Hukujua nani anasikiliza, ukasema kilichomo moyoni."

"Na wewe? Muda wote huu unanificha mtoto?" Sauti ilimpanda. "Ulinionaje?"

"Nilikuona kama ulivyo. Toka dukani kwangu."

Alitoka na hasira, lakini hasira ile haikumfikisha mbali. Kesho yake alirudi sinema na kuitazama tena filamu ileile. Akampigia. Safari hii simu ilipokewa.

"Usikate, tafadhali. Nimeitazama tena. Sitakudanganya kwamba ulikuwa mzaha. Nilimaanisha. Ndivyo tunavyoongea wanaume, na mimi sikuwahi kujiuliza zaidi ya hapo."

Akaibana simu sikioni.

"Kuna mahali yule kijana anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Mara ya kwanza nilitoka kwenda kununua soda, sikuona. Leo nimeona. Mtoto anakosea, anakosea, jamaa hasemi kitu, anasubiri tu. Mpenzi, sijui kama mimi naweza kusubiri vile. Naogopa. Naogopa nimzoee mwanao, halafu siku moja unifukuze tena kama jana."

"Mimi nimeogopa miaka sita, Fundi," Daktari alisema, sauti ikimkatika. "Mimi nikikosea mtu, anayeumia si mimi peke yangu."

Kilichofuata kilikuwa kwikwi, kisha simu ikakwaruza, ikahamia mkono mwingine.

"Wewe nani?" iliuliza sauti ndogo.

"Naitwa Fundi."

"Mama analia. Wewe ndiye umemliza?"

Fundi alisimama katikati ya watu waliokuwa wakitoka sinema. Angeweza kusema chochote, mtoto asingejua.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi njoo umwombe msamaha. Kwenye simu haihesabiki."

"Mwambie mama nakuja. Asipotaka nije, anipigie."

Njia nzima alikuwa ameishika simu mkononi, akiikodolea macho. Haikulia. Alipofika kwenye mlango wa nyumba, nyuma ya duka, alibisha hodi, akasikia miguu midogo ikikimbia, kisha mikubwa ikiifuata. Mlango aliufungua Daktari, macho yamevimba, kitenge kimefungwa ovyo kiunoni. Kisha Daktari akasogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.