Fundi Laurenti na Binti wa Karani

Jumamosi moja ya mwaka 1954, siku chache kabla ya Kwaresima, duka la vitambaa karibu na soko la Tanga lilifurika Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Goa huko Bara Hindi. Dansi ya klabu yao ilikuwa imekaribia, na kila mama alitaka lesi na vifungo kabla ya mwenzake. Katikati ya msukumano huo Laurenti Furtado aliweka mkono juu ya jora la mwisho la bitana ya hariri, na mkono mwingine, mwembamba, wenye bangili moja ya dhahabu, ukatua juu ya jora hilo hilo.

Mwenye mkono alikuwa Bibiana, binti wa Bwana Menezi, karani mkuu. Alivaa gauni la maua ya buluu lililombana kiunoni, na macho yake yalicheka kabla ya mdomo. Alimtazama Laurenti tangu viatu hadi kola. Suti yake nyeupe ya kitani haikuwa na mkunjo hata mmoja.

"Wewe ni karani wa ofisi gani?" aliuliza.

"Ofisi yangu ina cherehani mbili na mjomba mkali."

Bibiana akacheka, akidhani ni mzaha. Wakagawana bitana nusu kwa nusu, na Laurenti alitoka dukani akiwa amekwisha kupenda, tena vibaya sana.

Ukweli Bibiana aliuona Jumapili, kanisani. Makarani walikaa mbele na wake zao wenye kofia. Mafundi wa nguo walikaa nyuma, karibu na mlango. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna aliyeivunja. Mafundi hao ndio walioshona kila suti iliyocheza dansi klabuni, lakini wao wenyewe waliingia huko kwa mlango wa jikoni, wakipeleka nguo. Bibiana aligeuka, akamwona Laurenti nyuma kabisa, akalionea haya swali lake. Jumatatu akaenda kwa fundi kuomba radhi, na radhi ile ikachukua saa nzima.

Yakawa mapenzi. Nyumba ya Menezi ilikuwa na simu. Laurenti hakuwa nayo, ila jirani yake Zubeiri, mwoka mikate, alikuwa nayo, naye hakuchoka kumwita dirishani kwamba kuna sauti ya kike inaulizia vipimo. Bibiana alimtania kuwa anampima kwa macho. Laurenti alijibu kwamba macho yake hayakosei, hasa kiunoni. Jioni walitembea ufukweni Raskazone, hatua mbili kati yao, wasije wakasemwa.

Alhamisi moja Bibiana alikuwa amekwisha kumwita mpenzi mara tatu kwenye simu, mara sauti ikabadilika.

"Basi, fundi," alisema kikavu, "vifungo nitavituma kwa mtumishi."

Simu ikakatwa. Laurenti alibaki ameshika mkonga, unga wa Zubeiri umemjaa mikononi mwa shati. Alijua mama mtu kaingia sebuleni, na hilo alilielewa. Alichoshindwa kumeza ni jinsi neno 'fundi' lilivyomtoka Bibiana kwa urahisi. Liliuma, na walipokutana alimwambia wazi.

"Kuwa fundi sioni aibu. Kufichwa ndiko kunaniua."

"Nipe muda, Laurenti. Humjui baba."

"Namjua kifua, mabega na urefu wa mguu. Nimemshonea miaka sita. Siku utakayonitaja mbele yake, niite. Kabla ya hapo usipige simu."

Bibiana alilia sana, lakini hakupiga.

Wiki mbili baadaye mtumishi wa Menezi alileta ujumbe: Jumamosi baada ya Pasaka fundi afike nyumbani na mkasi wake, akate kitambaa chekundu cha binti. Laurenti aliweka chini shati alilokuwa akishona. Kwa Wagoa wale gauni jekundu la bibi harusi halikukatwa dukani. Fundi aliitwa nyumbani, na mkasi ulipoingia kitambaani fataki zililipuliwa nje ili mtaa wote ujue. Ndiyo siku pekee fundi alipopewa kiti sebuleni. Naye binti ambaye Laurenti alimjua katika nyumba ile alikuwa mmoja tu.

Alimsihi mjomba wake Kaitani aende badala yake. Mzee akasema macho yake hayaoni tena mstari, na kwamba fundi akikataa kitambaa chekundu anamtakia bibi harusi mabaya. Mabaya Laurenti hakuweza kumtakia Bibiana, hata sasa. Akaenda.

Sebule ilijaa mashangazi na makarani. Bila kuinua macho alikunjua kitambaa, akaomba bibi harusi asimame apimwe. Akasimama msichana mrefu mwenye miwani, Beatrisi, dada mkubwa aliyekuwa akifundisha Zanzibar na sasa karudi kuolewa. Nyuma yake alisimama Bibiana na kisahani cha pini, macho mekundu. Laurenti alipima kiuno mara tatu, kila mara akapata hesabu tofauti.

"Tulia, fundi," Beatrisi alimnong'oneza. "Mimi nilisikia hukosei."

Mkasi ukaingia, fataki zikalia, watu wakapiga makofi. Bwana Menezi akainua glasi, akasifu kazi, akasema siku ya Bibiana atamwita fundi huyu huyu. Laurenti aliinamia kitambaa. Ukweli wao haukuwa wake kuusema.

Bibiana akaweka kisahani mezani.

"Haitawezekana, Baba. Siku yangu mtafute fundi mwingine. Huyu ndiye nitakayeolewa naye."

Sauti yake ilifika kila kona. Bwana Menezi akamgeukia Laurenti, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, Bwana Menezi. Na nitabaki fundi."

Mama Menezi ndiye aliyesema kwanza: alimwambia mtumishi alete ndani chakula cha fundi, kilichokuwa kimeandaliwa barazani kama ilivyo desturi. Sahani ikawekwa kwenye meza ya familia, kando ya ile ya Bibiana. Bwana Menezi akaitazama, akamtazama mkewe, akakohoa. Kwa miaka sita alikuwa hajawahi kumwita mshonaji wake kwa jina.

"Kaa basi, Laurenti," alisema. "Chakula kinapoa."