Joto Ndani ya Mochari

Harufu ilimpokea Inspekta Philister Awuor langoni, kabla ya mlinzi. Ndani ya mochari, mwili wa mwanamke aitwaye Wangu ulikuwa umevimba, ngozi ya shingo imebambuka. Shingo ile ile ambayo daktari wa serikali alipaswa kuichunguza Jumatatu hiyo.

Mume wa Wangu, Jamleck, alidai mkewe aliteleza bafuni kwao Kinoo. Mama mzazi wa marehemu, Ngina, alishikilia kwamba mwanawe alinyongwa. Sasa mama huyo alikaa kwenye benchi nje, kitambaa puani, akingoja kuambiwa ukweli.

"Nani alizima baridi?" Inspekta alimuuliza Kitavi, msimamizi wa mochari.

"Si mtu, afande. Ni kompyuta inayoendesha mtambo wa baridi. Ilijisasisha yenyewe Jumamosi, ikajizima, ikawaka upya. Ikizimika, mtambo nao huzimika, na haurudi mpaka ubonyezwe. Na wikendi hatufungui chumba kama hakuna mwili unaoletwa."

"Hukuwa umezuia isijisasishe?"

"Nilizuia tangu Januari! Ndio nashangaa."

"Fungua kumbukumbu zake."

Kompyuta ile, yenye mfumo wa Linux, huandika kila inachofanya. Ikijisasisha yenyewe, huweka jina la programu. Ikiamriwa na mtu, huweka jina la mtu. Hapa palikuwa na jina: kitavi. Jumamosi, saa tano na dakika sita asubuhi.

Kitavi alitoa macho. "Haki ya Mungu, afande, sikugusa!"

"Paswadi yako anaijua nani?"

Kitavi aliinamisha kichwa. Paswadi ilikuwa imebandikwa kwenye skrini.

"Kila anayesimama hapa," alinong'ona.

"Pumbavu. Saa tano alisimama nani?"

Kitabu cha wageni kilikuwa na sahihi moja ya saa hiyo: Jamleck. Alikuwa ameleta gauni la marehemu. Kitavi alilipeleka stoo, akamwacha peke yake mapokezi.

"Gauni? Mwili haujapasuliwa, mazishi hayajapangwa, anavishwa aende wapi?"

"Nilidhani ni uchungu, afande."

Jamleck alikamatwa Moi Avenue, kwenye duka lake la kutengeneza kompyuta. Katika chumba cha mahojiano alikaa akitabasamu.

"Siku hizi mashine ikiharibika mnashika waliofiwa?"

"Ngozi imeoza," Philister alisema. "Lakini daktari amefika kwenye mfupa wa koo. Umevunjika. Mfupa hauozi kwa siku mbili. Umemwozesha mke wako bure."

Tabasamu lilimtoka.

"Alikuwa anahama," alisema mwishowe. "Amepata nyumba Woodley. Amepakia hata sufuria. Mchana, afande! Wapangaji wote wako nje wanaanika nguo. Wangeniona nikiachwa."

"Halafu?"

"Nikamshika shingo. Sikuachilia."

Kinyaa kilimpanda Philister zaidi ya kule mochari. Mtu ameuawa ili majirani wasione sufuria zikishuka ngazi.

"Mama yake amenifuata hapa kituoni, yuko nje. Anataka kujua mwanawe alikufaje. Utamwambia mwenyewe."

"Siwezi kumtazama, afande."

"Hata mimi siwezi kukutazama." Akafungua mlango. "Ingia, mama."