Jicho la Faiz

Mejumaa alikimbilia duka la kanga la Biashara Street, mvua imemgandisha buibui magotini. Juu ya ngazi, Faiz, kanzu nyeupe na kofia ya vito, alikuwa akipanga doti.

"Dada, wanunua au wajianika?"

"Kwani kujianika mwalipisha?"

Yakaanzia hapo. Simu asubuhi, simu mchana, "laazizi" huku, "roho yangu" kule, mpaka posa ikatajwa.

Jioni moja Mejumaa alitoka kufundisha chekechea Tononoka, akampelekea Faiz katlesi za moto. Akasita mlangoni. Ketty, mteja wa Kizingo, gauni la njano, kucha nyekundu, alikuwa akijipimia kanga begani. Faiz akamtazama, jicho la kushoto likafumba taratibu, likafumbuka nusu.

Amemkonyeza! Katlesi zikarudi Tononoka.

"Mbona umepita hukuingia?" Faiz aliuliza kwenye simu.

"Mkonyeze wa kucha nyekundu, akuletee chakula."

"Nani kakonyeza?"

"Jicho lako, bwana! Au lina mwenyewe mwengine?"

Akakata. Wivu ukamtafuna, kila gauni la njano barabarani alilifuata hata auone uso wa mvaaji.

Siku nyingi zikapita ndipo Faiz akapiga tena. "Niko hospitali, Mejumaa."

"Na nani?"

"Peke yangu. Njoo."

Alimkuta kwenye benchi la ukumbini, kope ya kushoto imelala kama mlango ulioteguka bawaba.

"Sikukonyeza. Kila jioni kope hii hushindwa. Wasema ugonjwa huu wa kope mara nyingi huanzia kifuani, wakanipiga picha, wameona uvimbe kwenye tezi, nyuma ya mfupa wa kifua."

"Uvimbe gani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Wametoa kipande kwa sindano. Daktari mmoja asema ni wa upole, mwengine asema huenda ni mkali. Kipande ni kidogo, na uvimbe huu hauna sura moja, hapa hivi, pale vile. Hawatajua mpaka utolewe mzima. Posa ingoje, roho yangu. Sitaki uolewe na kitu kisichojulikana."

Mejumaa akalia, akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Mimi nilikuhukumu kwa kope moja, nikakosea. Mamako aje kwetu Ijumaa. Jina la uvimbe litatukuta mbele." Akaketi kando yake. "Nani aliyekwambia uje hospitali?"

"Ketty, yule wa kucha nyekundu. Ndiye aliyeliona jicho."

"Kumbe alikuwa akikutazama machoni!"

Faiz akacheka, na kope ikaanguka kabisa. Mejumaa akainyanyua kwa kidole, pole pole, kama pazia.

"Hili nitalishika mimi. Nitazame."