Reginald Alipoifomati Sauti ya Mama

"Usibonyeze! Kaka Reginald, usibonyeze!"

Alibonyeza.

Ndugu zangu mnaosoma hapa... nilisimama mbele ya binamu yangu nikamwona anafuta sauti ya marehemu mama yangu. Huku anatafuna karanga!

Mnalikumbuka tope lililoshuka Mlima Hanang Desemba 2023? Nyumba yetu ilikuwa Jorodom. Mama hakutoka.

Siku moja kabla, alinitumia ujumbe wa sauti: "Natalia, njoo uchukue mahindi yako, kuku wanayamaliza."

Basi. Hayo tu ndiyo aliyoniachia.

Simu yangu ilikufa baadaye, lakini ile sauti nilikuwa nimeshaiweka Jorodom Yetu.

Jorodom Yetu si ukurasa wa kampuni. Ni mtandao wetu wenyewe. Mwalimu Mectilda, aliyehamishiwa Katesh kutoka Bukoba, aliujenga kwa programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzichukua na kuzitumia bila kuomba kibali. Wafiwa tuliweka humo picha na sauti za watu wetu. Kompyuta inayouendesha mtandao huo ilikaa steshenari kwa Reginald.

"Kuna jamaa wa mikeka ya kubeti anaitaka hii mashine," alisema Reginald. "Maiti hawaleti wateja, Natalia."

"Hiyo ni yetu!"

"Yenu nyie kina nani? Duka langu, umeme wa luku yangu! Tena umeingia hapa hata shikamoo hujanipa."

"Shikamoo ya nini, na wewe umemzika mama mara ya pili?"

Akacheka. "Mlango ule pale."

Sikulia. Nilitoka mbio mpaka kwa Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu. Reginald amefuta kila kitu!"

"Marahaba. Tulia kwanza. Amefutaje? Moja moja?"

"Hapana. Amefomati mashine nzima."

Mwalimu akaanza kucheka! Nikaona huyu naye amechanganyikiwa.

"Natalia, wenzetu wa Dongobesh na Mbulu wana mitandao yao kama huu, na wanatufuata. Tukiweka kitu hapa, kopi inabaki kwao. Angefuta moja moja, mashine ingewatumia taarifa na wao wafute. Sasa kwa papara zake... mashine haikupata hata nafasi ya kuwaambia!"

Akampigia Efrazia, anayesimamia mtandao wa Dongobesh. Akaweka spika.

"Efrazia, hebu tafuta sauti ya mama yake Natalia. Iko kwenu?"

Nikasikia anabofyabofya... Kisha:

"Natalia, njoo uchukue mahindi yako, kuku wanayamaliza."

Hapo ndipo nilipolia.

Leo sauti zote zimerudi, kwenye kompyuta nyingine, na nywila, lile neno la siri la kuifungulia, wanayo wafiwa watatu. Juzi nani akabisha hodi kwangu? Reginald! Bila karanga.

"Natalia... eti ya mzee nayo ipo?"

Alikuwa amemfuta hata baba yake mzazi, Mzee Hhando, bila kujua kwamba naye yumo; mimi ndiye niliyemweka.

Nikamwekea sauti. Akamsikia baba yake anamwita kwa jina. Akaniomba nirudie.

"Nipe na mimi nywila," akasema. "Nisaidie kulinda."

Weee!

Ndugu zangu, msiwaweke marehemu wenu chini ya kidole cha mtu mmoja. Iwe kampuni, awe ndugu wa damu.

Na wewe Reginald, najua unasoma hapa. Njoo usikilize siku yoyote. Shikamoo nitakupa, wewe ni mkubwa wangu.

Nywila hupati.