Dole Gumba la Wifi Rehema

Nina miaka hamsini na minane. Nakaanga chapati hapa Mikumi, kando ya barabara kuu, wanapopumzika madereva wa malori. Sikio langu la kushoto halisikii na meno mawili ya mbele sina. Wateja wakiniuliza huwa nawaambia nilianguka. Uongo mtupu! Leo nawaeleza ninyi wasomaji, mwanangu akiniandikia.

Nilikuwa mke wa mtu kijijini kwetu, upande wa Msowero, kwenye kambi za shamba la mkonge. Enzi za ruksa, za biashara huria, zilipoingia, shamba lilikuwa limeshakufa. Kiwanda chake, tulichokiita korona, kilinyamaza, na sisi wanawake tulioanika singa, nyuzi za mkonge, miaka yote tukabaki mikono mitupu. Kisha tukasikia kijiji kitagawa sehemu ya ardhi ile... kwa wakuu wa kaya. Yaani kwa wanaume!

Aliyesimama mkutanoni kupinga ni wifi yangu Rehema, mjane, dada mkubwa wa mume wangu. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kusimama pale.

"Jamani kaka zangu," aliuliza, "singa zile zilikuwa zinajianika zenyewe?"

Walimzomea mpaka akakaa. Mume wangu, Baba Shani, alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

Wifi hakukoma. Alipita nyumba kwa nyumba na karatasi, na kila mwanamke aliyetaka shamba kwa jina lake akamwandika jina, naye akatia dole gumba lililopakwa wino. Yeye alijua kuandika, lakini naye alitia dole, ili wasiojua kusoma kama mimi wasione haya. Karatasi aliificha uani kwake, chini ya kinu alichokifudikiza. Mwanamume gani angeinua kinu? Siri hiyo alinipa mimi tu.

Lakini dole langu hakuliomba! Wenzangu wote walitia, mimi nikapitwa. Niliumia sana...

Baba Shani akaona pa kupenyea. Akaniapia kwamba dada yake anamtafutia mke wa pili katika wanawake wale wale. "Unadhani kwa nini hujaandikwa?" akaniuliza. Eti nimletee karatasi ampelekee mwenyekiti, mambo yaishe kwa mazungumzo.

Nikamwamini! Wivu ulinipofusha. Mchana, wifi akiwa mtoni, niliinua kile kinu kwa mikono yangu hii.

Kesho yake asubuhi wanawake walikusanyika pale korona ili waende ofisi ya kijiji, ingawa chini ya kinu wifi hakuikuta karatasi. Nami nilikuwepo, nimejificha nyuma ya wenzangu. Wanaume wakatokea na marungu na mapanga, Baba Shani mbele na karatasi mkononi. Walisoma jina, wakampiga mwenye jina. Jina, kipigo... jina, kipigo... Mama mmoja mzee alipasuliwa kichwa, kanga yake nzima ikalowa damu.

Wifi Rehema hakukimbia. Baba Shani, ndugu yake wa tumbo moja, aliukandamiza mkono wake wa kulia juu ya reli ya toroli la kubebea mkonge. "Dole lenyewe ndilo hili?" Panga likashuka mara moja tu. Kidole kikaangukia kwenye kokoto.

Nilipiga ukunga nikamrukia mume wangu. Akanigeukia.

"Unalia nini? Jina la kwanza humu ni lako, nililiruka tu!"

La kwanza... langu! Nilikuwa nimelibeba mwenyewe, sijui kulisoma. Alinipiga kwa ubapa wa panga na kwa mateke mpaka nikazirai.

Hospitalini tulilazwa vitanda vya jirani. Wifi aliniuliza kama ni mimi niliyeinua kinu. Nikalia tu. Basi akajua.

"Nafasi ya dole lako niliiacha mpaka siku ya mwisho," alisema. "Niliogopa mumeo akiuona wino kidoleni, atakuua." Kisha akageukia ukutani.

Baba Shani alifungwa. Mimi nikakimbilia Mikumi na mwanangu Shani. Wifi alirudi mikutanoni na bandeji yake, akasimama tena na tena, mpaka wanawake wakapewa mashamba yao.

Siku moja akatokea hapa kwenye meza yangu ya chapati, na karatasi nyingine. Nikapiga magoti. "Shikamoo, wifi." Akaikunjua karatasi mezani.

"Tia dole hapo. Kukusamehe sijakusamehe. Lakini shamba ni haki yako, si zawadi yangu."

Nikatia. Naye akatia dole lake la kushoto, la shahidi.

Akina mama wenzangu, nawasihi! Akitokea mtu kuwagombanisha na mwanamke anayewapigania, mwulizeni huyo mwanamke mwenyewe kwanza. Mimi sikuuliza. Shamba ninalo, mahindi napata kila mwaka. Na kila mwaka nampelekea wifi gunia moja. Analipokea, ananikaribisha kiti, ananipa maji.

Namwamkia shikamoo. Mpaka leo hajaniitikia marahaba.